Aliyegeuka na aliyegeuzwa

Majuma mawili yaliyopita niliandika hapa, kwa kupita tu, kwamba Wagiriki wa kale walimhesabu buibui kuwa mwanamke, fundi wa kufuma, aliyeadhibiwa na mungu wa kike Athena. Ilikuwa sentensi moja katikati ya makala ya mambo mengine kabisa. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja kutoka Tanga, Dodoma, Lamu, Nairobi, Muscat na kwingineko, na moja limetoka chumba cha pili humu humu nyumbani kwangu. Lile la ndugu wa Morogoro anayetaka dawa ya kumgeuza shemeji yake punda nimeliweka mwisho, na silijibu lote.

Shikamoo Mwalimu. Huyo mfumaji alikosa nini hasa? Kila ninayemuuliza anasema "kiburi", basi. Kiburi tu ndiyo mtu afanywe mdudu? Na buibui letu la kuvaa lina uhusiano wowote na kisa hiki? (Mama wa watoto watatu, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Kiburi kilikuwepo, hatukatai. Arachne alikuwa binti wa mtia rangi sufu wa Colophon, pande za Lydia, ambako leo ni magharibi ya Uturuki. Hakuwa wa ukoo wala wa mali. Mama yake alikwishafariki, na Hypaepa alikoishi kilikuwa kijiji kidogo tu. Alichokuwa nacho ni vidole. Wanawali wa mitoni na milimani, wale majini wa kike wa Kigiriki, waliacha mizabibu yao waje kumwangalia. Hawakuja kutazama nguo iliyokwisha peke yake. Walitaka kuona anavyoivuta sufu mpaka inakuwa laini kama wingu, na dole gumba linavyozungusha kijiti cha kusokotea.

Watu wakawa wanasema, huyu kafundwa na Athena mwenyewe. Arachne akakana: hakufundwa na yeyote, na Athena kama anaweza aje washindane. Athena akaja kwanza kwa sura ya bibi kizee mwenye mkongojo, akamshauri aombe radhi. Jibu alilopewa lilikuwa la ufidhuli: kama una nasaha, kawape binti zako na wakaza wanao. Hapo hata mimi ningemkanya.

Mitande, zile nyuzi za urefu, ikafungwa kwenye vitanda viwili vya mfumi, na mshindio, uzi unaopishana nazo, ukaanza kwenda na kurudi. Athena alifuma miungu 12 vitini mwao, Zeus, mkubwa wao, katikati, na yeye mwenyewe akimshinda Poseidon, mungu wa bahari, kwa kuotesha mzeituni mjini Athens. Kwenye pembe nne za kitambaa akaweka visa vinne vya binadamu waliothubutu kujilinganisha na miungu, na walivyoishia. Vitisho, kwa maneno mengine. Arachne akafuma habari tofauti: Zeus amejifanya fahali ambebe Europa, Zeus amejifanya batamaji kwa Leda, mvua ya dhahabu kwa Danaë, Poseidon amejifanya farasi, kisa juu ya kisa, zaidi ya 20, vyote vya miungu iliyowalaghai wanawake. Ovid, mshairi wa Kirumi ambaye masimulizi yake ndiyo yanayosomwa zaidi, anasema wazi kwamba Athena hakuona dosari katika kazi ile, na hata Husuda angekuja kuikagua asingeiona.

Kwa hiyo kiburi kingetosha kuwa sababu kama msichana angeshindwa. Hakushindwa. Athena alikichana kitambaa, akachukua kijiti cha kupitishia mshindio, akampiga nacho kwenye paji la uso mara tatu, mara nne. Arachne hakustahimili, akajitia kitanzi. Ndipo mungu akamwonea huruma, huruma ya aina yake: ishi, lakini ning'inia, wewe na kizazi chako. Akamnyunyizia maji ya mitishamba ya Hecate, mungu wa kike wa uchawi. Nywele zikapukutika, pua na masikio vikaenda, kichwa kikanywea, vidole vikashika ubavuni vikawa miguu, kilichobaki chote tumbo. Na tumboni humo bado anatoa uzi.

Ovid naye, mwaka 8 BK, alifukuzwa Roma na Kaisari Augustus akatupwa Tomis, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, ambako leo ni mji wa Constanța nchini Romania. Alisema kilichomponza ni mambo mawili, shairi na kosa. Kosa hakulitaja. Tangu nilipojua hilo, kisa cha Arachne kimekataa kabisa kusomeka kwangu kama onyo dhidi ya kiburi.

Dirisha la jiko letu lina mpangaji. Kila jioni karibu na magharibi anafunga nyuzi kavu kutoka katikati kwenda pembeni. Hizo ndizo mitande. Kisha anazunguka na uzi wa kunata, akianzia nje kuja ndani, huku mguu mmoja ukipima nafasi ya kila mzunguko. Huo ndio mshindio. Alfajiri mara nyingi anaula utando wenyewe, jioni anaanza upya. Mke wangu anataka nimfagie. Naendelea kuomba muda.

Ama buibui la kuvaa, hapana, Wagiriki hawamo. Walichoacha wao ni jina Arachnida, ambalo wanasayansi wamelipa kundi zima la buibui, nge na kupe.

Mwalimu, mbona hizi ni hadithi zetu? Kijijini tulikua tukiambiwa mzee fulani hugeuka fisi usiku, na asubuhi yuko barazani anakunywa uji. Wagiriki wametuzidi nini? (Msomaji, Dodoma)

Hawajatuzidi, ila kitazame kitenzi ulichotumia. Umeandika "hugeuka". Mzee wako anageuka, au tuseme anajigeuza: ana dawa yake, ana safari yake, na kabla jogoo hajawika amesharudi ndani ya ngozi yake. Uwezo ni wake, ndiyo maana anaogopwa. Katika visa vya Kigiriki wanaojigeuza ni miungu, kama ulivyoona kwenye kitambaa cha Arachne. Binadamu yeye yuko kwenye kauli ya kutendwa. Anageuzwa, na mara nyingi harudi.

Mahali wanapokukaribia ni Arcadia, nchi ya milima katikati ya Peloponnesos. Mfalme wake Lycaon alitaka kupima kama mgeni wake kweli ni Zeus, akamwandalia nyama ya mtu, nyingine ya kuchemsha, nyingine ya kuchoma. Zeus akaiangusha nyumba kwa radi. Lycaon akakimbilia porini, na alipojaribu kusema, ikatoka sauti ya mbwa mwitu. Mvi zake zilibaki mvi, ukali wa uso ulibaki vilevile, macho yaliwaka vilevile. Huyu kwa kweli hakubadilika sana.

Karne ya 2 BK, Pausanias, aliyeizunguka Ugiriki akiandika habari za mahekalu na makaburi, aliwakuta Waarcadia bado wanasema kwamba kwenye kafara ya Zeus juu ya mlima Lykaion huwa kuna mtu anayekuwa mbwa mwitu. Akijizuia kula nyama ya watu kwa miaka 9, mwaka wa 10 anakuwa mtu tena. Ilisimuliwa hata habari ya bondia, Damarchus, aliyepitia hayo kisha akashinda ndondi Olympia. Pausanias hakuikubali, na hoja yake ni ya mtu makini: maandishi ya bondia huyo huko Olympia hayana neno la mbwa mwitu.

Jambo moja la kukuchekesha. Kiswahili kinaita "mbwa mwitu" yule wa Ulaya anayetajwa kwenye Biblia, na kinamwita hivyohivyo huyu wetu mwenye mabaka na masikio ya duara, anayewinda kwa makundi Ruaha na katika Hifadhi ya Nyerere. Wanasayansi nao wamempa huyu wetu jina Lycaon pictus, yaani Lycaon aliyepakwa rangi. Mfalme wa Arcadia yuko Tanzania, tena bila pasipoti.

Babu, mtu akishageuzwa mnyama, anakumbuka kwamba alikuwa mtu? (Mjukuu wangu, darasa la 6)

Anakumbuka kila kitu. Kinachoondoka ni sauti.

Alikuwepo kijana mwindaji, Actaeon, mjukuu wa Cadmus aliyeuanzisha mji wa Thebes. Jua la utosi lilipofika aliwaambia wenzake leo imetosha, nyavu zimelowa damu, tupumzike. Akawa anatembea tu msituni, bila njia, akaingia bonde la Gargaphia penye chemchemi. Artemis, mungu wa uwindaji, alikuwa anaoga. Mishale haikuwa karibu, kwa hiyo akachota maji akamrushia usoni, akamwambia sasa nenda ukasimulie kwamba umeniona, kama utaweza kusimulia.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo hukumu. Pembe zikamtoka, shingo ikarefuka, mikono ikawa miguu. Akakimbia, akashangaa mwenyewe kwa mbio zake. Alipojiona kwenye maji alitaka kulia "ole wangu", ikatoka pumzi tu. Na hapo mbwa wake wakamwona. Ovid anawataja kwa majina, zaidi ya 30, kama mtu anayelijua banda la mbwa: Melampus, maana yake Miguu Myeusi, Ichnobates, Mfuata Nyayo, Pamphagus, Mla Vyote, Asbolus, Masizi. Kijana alikuwa akiwalisha kwa mkono wake. Alitaka kuwaambia mimi ni Actaeon, mtambueni bwana wenu. Maneno hayakuja.

Rafiki zake wakafika nyuma ya mbwa, wanawatia moyo, huku wanaita: Actaeon! Actaeon yuko wapi, aje aone windo hili! Wanamlaumu kwa uvivu wa kutokuwepo. Naye kila akisikia jina lake anageuza kichwa. Wengine wanasimulia kwamba baadaye mbwa walizunguka milimani wakilia, wanamtafuta bwana wao, mpaka wakafika pangoni kwa Chiron aliyemlea kijana huyo. Chiron akatengeneza sanamu ya Actaeon ili wanyamaze.

Sijui nikulaze na hicho, mjukuu wangu, kwa hiyo chukua na cha Io. Alikuwa kuhani wa Hera, mke wa Zeus, mjini Argos. Zeus alimtamani, na Hera alipotokea ghafla Zeus akamfanya Io mtamba mweupe ili kuficha aibu yake. Hera si mjinga; akaomba apewe zawadi ng'ombe huyo, akamweka chini ya ulinzi wa Argus mwenye macho 100. Io akafika kwenye mto wa baba yake, akainama kunywa, akaziona pembe zake majini, akashtuka. Baba akamng'olea majani akampa. Yeye akamlamba mkono, machozi yanamtoka, kisha akachora jina lake mavumbini kwa kwato. Bahati yake jina lilikuwa herufi mbili. Angeitwa Clytemnestra, baba yake angeshachoka akaenda zake.

Io alizunguka dunia akifukuzwa na kipanga, yule nzi mkubwa wa kuuma ng'ombe, mpaka Misri, na huko akarudishiwa umbo lake. Ovid anasema aliogopa kusema, asije akalia kama ng'ombe, akawa anajaribu maneno mojamoja, polepole.

Asalaam Mwalimu. Wazee wa majahazi wanajua nyota nyingi za kaskazini. Nimesoma kwamba ule mkusanyiko wa Dubu Mkubwa ni mwanamke. Ni nani, na kwa nini Wagiriki wanasema haogi? (Lamu)

Ni Callisto, na ni binti wa Lycaon yule yule. Alikuwa mfuasi wa Artemis, ameapa kutoolewa. Zeus akamjia kwa sura ya Artemis mwenyewe, akamnajisi. Mimba ilipoonekana Artemis akamfukuza, na alipojifungua mtoto wa kiume, Arcas, Hera akamfanya dubu. Aliyetendwa ndiye aliyelipa, na alilipa mara tatu. Ovid anaongeza kitu kidogo kinachouma: akiwa dubu aliwaogopa dubu wengine, na aliwaogopa mbwa mwitu ingawa baba yake alikuwa miongoni mwao.

Miaka kama 15 ikapita, Arcas akiwa mwindaji wakakutana. Dubu akasimama akamkazia macho, kama anayemjua. Kijana akainua mkuki. Zeus akawanyakua wote wawili akawaweka mbinguni. Hera akakasirika zaidi, akawaomba wazee wa bahari, Tethys na Oceanus, wasimruhusu mwanamke huyo aoge kwao. Ndiyo maelezo yao ya jambo ambalo kila baharia wa Kigiriki aliliona: Dubu huzunguka ncha ya kaskazini usiku kucha bila kuzama.

Lakini wewe uko Lamu, nyuzi kama 2 kusini ya ikweta. Toka nje jioni ya Aprili au Mei, tazama kaskazini, utamwona chinichini. Ngojea. Kwenu anazama mzima mzima. Amri ya Hera haikufika hapa. Na nyota yake inayong'aa mgongoni inaitwa Dubhe, kutokana na Kiarabu dubb. Ndilo neno lilelile tulilolichukua sisi tukasema dubu.

Salamu Mwalimu. Circe aliwalisha nini watu wa Odysseus hadi wakawa nguruwe? Na ni kweli mmoja alikataa kurudi kuwa mtu? Mume wangu anasema yeye angekataa. (Nairobi)

Mapishi ya mchawi huyo kwanza, maana Homer, mshairi wa kale aliyesimulia safari ya Odysseus kurudi kwao Ithaca, hakuyaficha: jibini, unga wa shayiri na asali, vimekorogwa ndani ya divai ya Pramnos, na juu yake dawa ya kuwasahaulisha kwao. Walikwenda watu 22 na kiongozi wao Eurylochus, ambaye alihisi mtego akabaki nje. Wengine wakala, wakaguswa kwa fimbo, wakafungiwa zizini na kutupiwa matunda ya mwaloni. Kichwa, sauti, nywele za mwili, vyote vya nguruwe. Akili, Homer anasisitiza, ileile ya mwanzo. (Kwamba walikwisha kunyweshwa dawa ya kusahau hakukumsumbua.) Walilia humo zizini. Odysseus aliponea kwa moly, mmea wa mzizi mweusi na ua jeupe kama maziwa aliopewa na Hermes, mjumbe wa miungu, njiani, akamlazimisha Circe awarudishe wenzake. Walitoka wakiwa vijana kuliko walivyoingia, warefu zaidi, wazuri zaidi. Wasimuliaji wengi wanalisahau hilo.

Aliyekataa si wa Homer. Ni wa Plutarch, Mgiriki wa Chaeronea, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 1 na mwanzoni mwa ya 2 BK. Kwake Odysseus anamwomba Circe awaachie Wagiriki waliobaki, naye anamwambia waulize wenyewe kwanza. Anampa nguruwe mmoja uwezo wa kusema. Jina lake Gryllus, Mkoromaji. Nguruwe anamtandika mfalme wa Ithaca kwa hoja: wanyama ni majasiri bila kushurutishwa na sheria, hawana haja ya dhahabu, wanakula kinachotosha, na simba hawi mtumwa wa simba. Amerudishiwa sauti, na kazi ya kwanza anayoifanya nayo ni kukataa.

Kwa hiyo mumeo ana mwenzake. Muulize tu kama amefikiria habari ya matunda ya mwaloni.

Assalamu alaykum Mwalimu. Hudihudi kwetu ni ndege wa heshima, mjumbe wa Nabii Sulaiman. Mwenzangu kazini anadai Wagiriki walisema ni mfalme mwovu. Inawezekanaje? (Muscat)

Waalaykumu salaam. Mwenzako hakukosea. Mfalme ni Tereus wa Thrace, aliyemwoa Procne, binti wa mfalme wa Athens. Alipotumwa kumleta shemeji yake Philomela aje kumtembelea dada, alimnajisi njiani, akamkata ulimi asije akasema, akamfungia msituni. Philomela akafuma. Nyuzi za zambarau kwenye kitambaa cheupe, habari nzima, akakipeleka kwa dada yake. Procne akakikunjua akakisoma. Kisasi chao sitakieleza, maana ukurasa huu husomwa mezani. Aliyekufa ni mtoto Itys, ambaye hakuwa na kosa. Tereus akawafukuza kina dada na upanga, na hapo wote watatu wakafanywa ndege. Kishungi cha hudihudi ni kofia yake ya vita, mdomo mrefu ni silaha yake.

Kwa Wagiriki Procne alikuwa yule ndege mwimbaji wa usiku, anamlilia Itys; Philomela akawa mbayuwayu, ambaye hana wimbo, ana vijineno vilivyokatikakatika kama vya mtu asiye na ulimi. Washairi wa Kirumi walipenda kuwabadilisha, wimbo akapewa Philomela. Mbayuwayu wa Ulaya ndio hao wanaokuja Afrika Mashariki kukimbia baridi na kujipanga kwenye nyaya za umeme. Wasikilize siku moja.

Sasa hudihudi. Katika Surat An-Naml anachelewa kufika mbele ya Nabii Sulaiman, na anapofika ana habari za Malkia wa Sabaa. Ni ndege mwenye kauli. Na mwaka 414 KK Aristophanes, mtunzi wa michezo ya kuchekesha, alimpandisha Tereus huyohuyo jukwaani Athens, tayari ni hudihudi, anaishi na ndege na kuwashauri. Anajisifu kwamba amewafundisha ndege kusema. Yeye, mkata ulimi. Sijui watazamaji wangapi walicheka hapo.

Mwalimu, sisi tunapeleka wageni baharini kuona pomboo. Mgiriki mmoja alituambia pomboo walikuwa maharamia. Alikuwa anatania? (Kizimkazi)

Hakutania. Maharamia wa Tyrrhenia waliona kijana mzuri kavaa joho ufukweni, wakadhani ni mtoto wa mfalme, wakamteka wamuuze. Alikuwa Dionysus, mungu wa divai. Kamba zikamwanguka zenyewe. Nahodha wa usukani akasema jamani huyu si mtu wa kawaida, mrudisheni, wakamcheka. Mzabibu ukapanda tangani, kijana akawa simba, wakajirusha majini na wakawa pomboo wote isipokuwa huyo wa usukani. Mjini Munich kuna kikombe cha kunywea divai, kazi ya mfinyanzi Exekias, cha mwaka 530 KK hivi: mungu amejilaza ndani ya jahazi peke yake, mzabibu umetanda juu ya mlingoti, na pomboo 7 wanalizunguka. Mshairi Oppian alishikilia kwamba pomboo bado wana moyo wa kibinadamu, na kuwavua ni dhambi. Hiyo waambie wageni. Inaweza kuwasaidia wasiwasogelee mno kwa mashua.

Na vyura? (Ifakara)

Wanakijiji wa Lycia. Leto, mama wa mapacha Apollo na Artemis, alifika dimbwini na kiu na watoto wachanga mkononi. Wakamkataza maji, kisha wakaingia wakayatibua kwa miguu. Akawaambia basi kaeni humo milele. Ovid ana mstari mmoja wa Kilatini kuhusu matusi yao chini ya maji, "sub aqua, sub aqua". Usome kwa sauti utawasikia wenyewe. Sisi tunasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Leto walimzuia.

Mwalimu, ile dawa ya punda je? Shemeji amezidi. (Morogoro)

Ndugu yangu, hata aliyekuwa nayo alikosea kopo.

Msimulizi ni Mwafrika, Apuleius, mzaliwa wa Madauros, mji ambao leo ni M'Daourouch nchini Algeria, karne ya 2 BK. Kijana wake Lucius anasafiri hadi Thessaly, nchi iliyosifika kwa uchawi. Anachungulia mlangoni, anamwona mke wa mwenyeji wake akijipaka mafuta na kuwa bundi, huyoo anaruka. Lucius naye anataka. Tazama kitenzi tena, msomaji wa Dodoma: huyu hakugeuzwa na mungu, alitaka kujigeuza mwenyewe. Akamwomba mtumishi wa kike, Fotis, amwibie mafuta. Fotis kwa papara akachukua kopo jingine. Lucius akajipaka, akapunga mikono asubiri mabawa, zikaja kwato.

Dawa ya kumrudisha ilikuwa nyepesi, kutafuna mawaridi tu, na Fotis akamwahidi kuyaleta asubuhi. Usiku huohuo wezi wakavamia, wakamswaga pamoja na wanyama wengine. Wakapita katikati ya watu, naye akaona hapa ndipo pa kupiga mayowe, aite jina la Kaisari aokolewe. Ile "O" ya mwanzo ikatoka, kubwa, safi, zaidi ya mara moja. "Kaisari" haikutoka. Wezi wakamcharaza.

Alibeba kuni, akazungusha jiwe la kusagia, akauzwa na kuuzwa tena, miezi na miezi. Mwisho, kwenye bandari ya Cenchreae karibu na Korintho, alimwomba Isis, mungu wa kike wa Misri, ambaye Wagiriki wengi walimhesabu kuwa ndiye Io yule wa kwato mavumbini. Kesho yake msafara wa Isis ukapita na kuhani mwenye taji la mawaridi mkononi. Punda akajipenyeza taratibu, akatafuna. Manyoya yakaanguka, tumbo likapungua, kwato zikafunguka zikawa vidole. Mtu akamrushia nguo ajisitiri. Watu wote wanamtazama, wanangoja aseme. Lucius akasimama kimya. Sauti imerudi, na hakujua aianzishe kwa neno gani.